Mtambo Uamke Wenyewe

Yapo mambo mawili ambayo mwenye kituo cha mawasiliano hana budi kuyaamua kabla hajagusa swichi: mtambo ufanye nini pale unapowaka, na umfanyie nini mgeni anapobisha hodi. Mambo hayo huonekana madogo. Nakusudia kuonyesha kwamba yanatosha kuwa somo kamili la sayansi katika shule ya sekondari, hata iliyo mbali na miji mikubwa, kama vile huko Mungaa, mkoani Singida. Na kwamba anayeyaandika anapaswa kuwaandikia wenzake watakaobaki baada yake.

Waredio wa ridhaa ni watu waliopewa leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio, bila kufanya biashara. Kila mmoja hutambulikana kwa alama yake ya wito: alama za Tanzania huanza kwa 5H, za Kenya kwa 5Z, na za Uganda kwa 5X. Mawimbi mafupi hurudishwa ardhini na tabaka la ionosfera, na hali ya tabaka hilo hubadilika kwa saa na kwa majira. Kwa hiyo si rahisi kujua nani anasikika wapi na wakati gani. Ndipo katika miaka ya 1980 Dick Newell wa Marekani alipotunga programu ya PacketCluster, iliyowawezesha waredio kupashana habari papo hapo: nani amesikika, katika masafa yapi, na saa ngapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dirk Koopman wa Uingereza akaanza kutunga DXSpider, ambayo hutolewa bure na hutumika hadi leo. Kompyuta inayoendesha programu ya namna hiyo huitwa nodi, na nodi nyingi zilizounganishwa huitwa klasta. Habari iliyopokewa na nodi moja huenezwa kwa jirani zake, nao huieneza kwa jirani zao.

Nodi ya DXSpider ina faili la amri za kuanzia. Programu ikishawaka, hulisoma faili hilo mstari kwa mstari na kutekeleza kila amri, kana kwamba mwenyewe ameketi akiziandika kwa mkono. Pembeni yake lipo faili la ratiba, ambalo kila baada ya muda huuliza: je, jirani fulani ameunganishwa? Kama hajaunganishwa, aitwe. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, nodi iliyoandikiwa vizuri huamka, huwatafuta jirani zake, na kuendelea na kazi kabla kengele ya shule haijalia.

Mpangilio wa amri hizo ni jambo la kufikiriwa kwa makini. Kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu, kama vile matoleo ya Raspberry Pi yaliyotangulia lile la 5, hazina saa ya ndani inayoendelea kwenda zinapozimwa. Zikiwashwa, hazijui ni saa ngapi mpaka zimeuliza katika mtandao. Nodi ikianzishwa kabla ya saa kusahihishwa, kila habari itakayoitoa itabeba wakati wa uongo. Basi amri ya kwanza iwe ni kupata saa sahihi, na ya pili iwe ni kuianzisha nodi. Tena klasta hutumia saa ya dunia, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Adhuhuri, mwanafunzi wa Mungaa atasema ni saa 6 mchana. Saa ya tarakimu itaonyesha 12:00. Na nodi itaandika 09:00. Asiyeweza kuzipatanisha saa hizo tatu hawezi kulinganisha alichokisikia na alichokisikia mwenzake wa ng'ambo.

Kosa la saa lina madhara hata likiwa dogo. Upo mpango wa kimataifa wa vituo 18 vya kupimia mawimbi, vinavyopokezana katika masafa matano, la kwanza likiwa megahezi 14.100. Katika kila masafa, kila kituo hupewa sekunde 10, na duru nzima huchukua dakika 3. Kenya ina nafasi yake, kwa alama 5Z4B, mara baada ya Afrika Kusini. Msikilizaji asiyejua herufi za Morse hukitambua kituo kwa saa pekee. Saa yake ikikosea kwa sekunde 10 tu, atasikia wimbi kutoka Afrika Kusini na kuandika Kenya. Kipimo chake kitakuwa kimepotea, wala hatajua kwamba kimepotea.

Sasa tuje kwa mgeni anayebisha hodi. Mtumiaji akiingia katika nodi kwa alama yake ya wito, DXSpider hutafuta faili la amri lenye jina la alama hiyo. Lisipokuwapo, hutumia faili la jumla lililowekwa kwa ajili ya watumiaji wote. Hapo ndipo wenye nodi wengi hushawishika kuamua mambo yasiyowahusu. Wapo wanaomfungulia kila mgeni mafuriko ya habari za masafa yote, na mwanafunzi anayetumia bando la simu akajikuta limekwisha kabla hajasoma mistari ishirini. Wapo nao wanaomfungia karibu kila kitu, kwa kuwa wao wenyewe hawapendi aina fulani ya mawasiliano. Maoni yangu ni kwamba faili la jumla liwe fupi kabisa: limsalimu mgeni, limwonyeshe habari chache za karibuni, na limweleze namna ya kujiandikia faili lake. Mengine achague mwenyewe.

Tena faili hilo lisimsemee mtu jambo lisilojua. Waredio hutaja mahali walipo kwa miraba ya ramani: kila mraba una upana wa digrii 2 za longitudo na kimo cha digrii 1 ya latitudo. Mji wa Singida, ulio baina ya longitudo 34 na 36 mashariki, na baina ya latitudo 4 na 5 kusini, umo katika mraba wa KI75. Kusini ya mstari wa 5 huanza mraba wa KI74. Mungaa haiko mbali na mstari huo. Faili la jumla likiwaandikia wanafunzi wote wa eneo hilo KI75 kwa kuwa ndio mraba wa mji, huenda likawaandikia wengine mahali wasipoishi. Kila mmoja na apime mwenyewe kwa ramani.

Watakuwapo watakaosema kwamba shule zetu zinahitaji madawati na kemikali za maabara kwanza. Hoja hiyo ni ya haki, nami sipendekezi hata senti moja iondolewe huko. Jaribio hili linahitaji kompyuta mbili kuukuu zilizounganishwa kwa waya ndani ya darasa. Halihitaji antena wala mtambo wa kurushia. Mipaka yake iheshimiwe. Nodi ya mazoezi isiunganishwe na klasta ya dunia, ili alama za wito za kubuni zisiwapotoshe watu wa mbali. Na atakayetaka kurusha mawimbi aombe kwanza leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Wengine watasema amri zenyewe ni za Kiingereza. Ni kweli. Lakini mstari unaoanza kwa alama ya # haufuatwi na mtambo; umewekwa kwa ajili ya binadamu. Hapo mwalimu aandike kwa Kiswahili fasaha kila amri inafanya nini na kwa nini imetangulia nyingine.

Vifaa vingi vya shule huwa masanduku ya kukusanya vumbi siku ile mwalimu aliyevijua anapohamishwa, ingawa havijaharibika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na faili la amri ni daftari la mtambo. Kwa hiyo napendekeza mtihani mmoja tu. Mwandishi wa faili akiwa hayupo, mwalimu aizime nodi na kuiwasha tena, kisha mwanafunzi ambaye hakushiriki kuliandika alisome na kulieleza darasa zima. Nodi ikiamka bila kuguswa, na mwanafunzi huyo akaeleza kila mstari, kazi imefanyika. Akikwama mahali, mstari huo uandikwe upya.