Islandi ilikubali kupoteza pesa ili ifaidike na moto wa chini ya ardhi

Katika mji wa Reykjavík, mji mkuu wa Islandi, kuna barabara ya maduka inayoitwa Laugavegur. Jina hilo linatoka kwenye chemchemi za maji moto. Zamani wamama walipita njia hiyo kwa miguu, kilomita tatu hivi, wakibeba nguo chafu mgongoni kwenda kuzifua kwenye maji hayo, kisha wakarudi na mzigo ulioloa, mzito kuliko wa kwenda. Miaka hiyo nyumba zao zilipashwa joto na makaa ya mawe yaliyonunuliwa ng'ambo, na moshi mweusi ulifunika mji. Utajiri ulikuwa pale pale, lakini kazi yake ilikuwa kufua nguo tu.

Leo inchi hiyo ya kisiwa, yenye wakaaji wasiofika laki nne, inapata karibu umeme wake wote kutoka kwa mito na mvuke wa ardhini. Karibu asilimia 70 inatoka kwa mabwawa ya mito, na sehemu kubwa ya inayobaki inatoka kwa mvuke. Nyumba tisa kati ya kumi zinapashwa joto na maji yanayotoka chini ya ardhi. Wengi wakisikia hayo husema: ni bahati ya volkano. Jibu hilo ni jepesi mno. Kama volkano peke yake ingetosha, Goma ingekuwa kati ya miji yenye mwangaza kushinda yote Afrika, na wamama wake wasingeamka alfajiri kupepea mbabula ya makala.

Historia ya Islandi inaonyesha kwamba volkano haitoshi. Mwaka wa 1930, mji wa Reykjavík ulijenga bomba la kilomita tatu kutoka chemchemi zile zile za kufulia. Maji yake yalipelekwa kwenye shule, hospitali, pahali pa kuogelea na makumi ya nyumba. Haukuwa mradi mkubwa wa kupigwa picha na wageni wa heshima. Lakini wakaaji waliona kwa macho yao kwamba hospitali inapata joto bila kununua makaa, na baada ya hapo kila mtaa ulitaka bomba lake.

Hata hivyo, hadi mwaka wa 1970 nusu ya wakaaji na zaidi walikuwa bado wanatumia mazutu kupasha nyumba joto. Mwaka wa 1973 vita vya Mashariki ya Kati vikapandisha bei ya mafuta duniani. Inchi isiyo na kisima hata kimoja cha mafuta ilijikuta inalipa pesa nyingi kwa kitu kinachofika kwa meli, wakati joto lilikuwa chini ya miguu ya watu wake. Serikali ikaamua kuachana na mazutu.

Hapo ndipo penye somo kubwa. Kuchimba kisima cha mvuke ni kama kununua mbuzi ndani ya gunia. Wataalamu wanapima mawe, wanapima maji, wanachora ramani, lakini hakuna anayejua kwa hakika mpaka chuma kifike chini. Kisima kimoja kirefu kinakula mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kikavu. Ndiyo maana benki hukataa, na miji midogo huogopa. Islandi ilikuwa na mfuko wa serikali wa nishati tangu mwaka wa 1967. Mfuko huo ulikopesha miji na vijiji pesa za kuchimba. Kisima kikitoa maji, mkopo unarudishwa. Kisima kisipotoa kilichotarajiwa, deni linaweza kufutwa na kugeuka msaada. Kwa maneno mengine, serikali ilikubali kubeba hasara ambayo kijiji hakingeweza kuibeba.

Hasara zilikuja kweli. Huko Krafla, kaskazini mwa kisiwa, kituo cha mvuke kilianza kujengwa katikati ya miaka ya 1970. Kabla hakijamalizika, mwezi wa Desemba 1975, volkano ya pahali hapo ililipuka, na ikaendelea kulipuka mara kwa mara hadi mwaka wa 1984. Gesi kali ziliharibu visima. Mitambo miwili ilikuwa imepangwa, lakini wa pili ulianza kufanya kazi mwaka wa 1997 tu. Wanasiasa walishambuliana sana juu ya pesa hizo. Lakini kituo hakikuachwa, na leo kinatoa megawati 60.

Umeme safi nao haukosi mashaka. Karibu theluthi mbili ya umeme wa Islandi inaenda kwenye viwanda vya aluminiamu, ambavyo vingi ni vya makampuni ya kigeni. Mwaka wa 2006, maelfu ya watu waliandamana Reykjavík kupinga bwawa la Kárahnjúkar, lenye megawati 690, lililojengwa juu ya kiwanda kimoja tu na kuzamisha bonde la asili. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Lakini tofauti moja ni lazima ionekane: nguzo zinazopeleka umeme kiwandani Islandi hazipiti juu ya nyumba zenye giza. Mkongomani anajua hali nyingine. Tangu miaka ya 1980, waya wa kilomita karibu 1 700 kutoka Inga unapeleka umeme kwenye migodi ya Katanga, na vijiji vingi vilivyo chini yake bado vinawasha koroboi.

Wala volkano haijawa rafiki wa Islandi. Tarehe 10 Novemba 2023, wakaaji wa mji wa Grindavík, karibu 3 800, waliamriwa kuhama usiku. Tarehe 8 Februari 2024, lava ilikata bomba la maji moto kutoka kituo cha Svartsengi, na watu zaidi ya 20 000 wakakosa joto katikati ya baridi kali. Mafundi walirudisha maji baada ya siku chache. Kuta za udongo na mawe zilikuwa zimejengwa kuzunguka kituo, na wataalamu walikuwa wanapima ardhi mchana na usiku. Watu wa Goma na Nyiragongo, waliokimbia lava tarehe 22 Mei 2021 na kuona nyumba za Buhene zikiteketea, hawahitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Kinachopima moto wa volkano ili kuokoa maisha ndicho pia kinachosaidia kujua joto linaweza kutumiwa wapi.

Wako watakaosema kwamba kulinganisha Kongo na kisiwa chenye watu wachache, kisicho na vita, ni kuota mchana. Wana haki kwa sehemu. Hakuna fundi atakayepeleka mashine ya kuchimba pahali risasi zinalia. Na volkano kubwa si hakikisho la mvuke. Kinachotafutwa ni maji yaliyofungwa ndani ya mawe ya moto, na hayo yanaweza kuwa mbali na mlima wenyewe.

Lakini Kongo si mgeni katika kazi hii. Mwaka wa 1952, huko Kiabukwa, Katanga, upande wa bonde la Upemba, mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi ulikuwa unatoa umeme kwa maji ya ardhini yenye joto la nyuzi 91, kwa kazi ya kampuni ya madini. Ulikuwa wa kwanza wa aina hiyo Afrika. Kenya ilianzisha kituo chake cha Olkaria mwaka wa 1981, miaka 29 baadaye. Wakenya walituma mainjinia wengi kusomea Reykjavík, katika chuo kinachofundisha wataalamu wa inchi zinazoendelea tangu mwaka wa 1979, na leo karibu nusu ya umeme wa Kenya inatoka kwa mvuke. Mtambo wa Kiabukwa ulisimama, na Kongo iliyotangulia ikabaki nyuma.

Tena, maji moto si ya umeme peke yake. Islandi inakausha vichwa vya samaki kwa joto la ardhini na kuviuza Nigeria. Kwenye maziwa ya mashariki mwa Kongo, samaki wanakaushwa kwa kuni zinazokatwa msituni. Kahawa, majani ya chai na mihogo pia vinahitaji joto la kukaushia, na joto hilo halihitaji kisima cha mamilioni.

Sheria ya mwezi wa Juni 2014 ilifungulia makampuni ya watu binafsi mlango wa kuzalisha na kuuza umeme Kongo. Matunda yake yanaonekana katika miji michache, lakini Wakongomani karibu wanne kati ya watano bado hawana umeme. Kampuni binafsi itajenga pale inapojua maji yanatiririka na mteja analipa. Haitachimba shimo la bahati nasibu kwa faida ya kijiji. Kazi hiyo ni ya serikali, kama ilivyokuwa Islandi.

Kwa hiyo wabunge wanaopitisha bajeti kila mwaka wana swali la kujibu: ni fungu gani limetengwa kwa kupima chemchemi za maji moto, kufundisha vijana wa vyuo vikuu kazi hiyo, na kulipa kisima cha kwanza hata kikitoka kikavu? Na kisima kikitoa maji, hospitali na shule ya kijiji hicho zipate kwanza, kabla ya mgodi. Kusubiri vita viishe ndipo hesabu hizo zianze ni kuhakikisha kwamba siku amani itakapofika, itakuta makala bado yanapanda bei na mazutu bado yanatoka ng'ambo.