Uzito wa Saa Haupimi Ubora Wake

Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba saa nzuri ni lazima iwe nzito. Mtu akipewa saa aikague, kabla hajaitazama huirusharusha kiganjani, kisha anatoa hukumu: "Hii orijino, ina uzito." Ikiwa nyepesi, huambiwa ni feki, au ni ya kike. Maneno haya utayasikia Kariakoo, na utayasikia kwa ndugu zetu wanaokwenda kununua Dubai. Hata mbele ya makabati ya maduka ya kifahari, mteja mwenye uwezo wa kununua dhahabu humrudishia muuzaji saa ya mstatili akilalamika kwamba ni nyepesi mno kwa bei yake. Imani hii ni potofu. Inawapotezea watu fedha na kuwafumba macho wasiione kazi ya fundi.

Uzito unaeleza mambo mawili tu: ni madini gani, na ni mengi kiasi gani. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina takriban gramu 8, ya titani gramu 4.5, na ya dhahabu ya karati 18 gramu 15 na ushei. Shaba ya njano, inayotengenezewa makasha ya saa nyingi za bei ya chini na kuchovywa rangi ya dhahabu, ina gramu 8.5 hivi. Maana yake ni kwamba kasha la shaba ni zito kuliko la chuma cha pua lenye ukubwa uleule. Anayepima kwa kiganja atachagua la shaba, na rangi ikianza kubanduka kwenye kingo atabaki kushangaa. Mwigaji anaijua vizuri tabia hii yetu. Kuchonga pembe iliyonyooka kunataka mashine nzuri na mkono uliofundwa, lakini kuongeza uzito kunataka chuma zaidi tu, na chuma si ghali.

Anayeshikilia kwamba wepesi ni ishara ya unyonge aitazame Richard Mille RM 027, saa yenye umbo la pipa iliyotengenezwa mwaka 2010 kwa ajili ya mcheza tenisi Rafael Nadal. Pamoja na mkanda wake haikufika gramu 20, na ndani yake mlikuwa na mashine ya ufunguo ya aina ngumu sana kutengeneza. Nadal aliivaa uwanjani akipiga mipira, na bei yake ilipita nusu milioni ya dola. Waliounda saa hiyo walitumia akili yao yote kuondoa uzito.

Nimezitaja saa za umbo, yaani zile ambazo si duara, kwa sababu hizo ndizo zinazoiumbua vizuri imani hii. Zilizaliwa kutokana na haja ya kuwa na saa inayotulia mkononi. Mwaka 1904 Louis Cartier wa Paris alimtengenezea rafiki yake Alberto Santos-Dumont, rubani wa Brazili, saa ya mraba ya kuvaa mkononi, maana mtu anayeongoza chombo angani hana mkono wa kuchomoa saa mfukoni. Mwaka 1917 akachora Tank, saa ya mstatili iliyochukua sura ya vifaru vya Renault vikitazamwa kutoka juu. Ikaanza kuuzwa mwaka 1919, na inatengenezwa hadi leo. Tank Louis Cartier ya saizi kubwa ina urefu wa milimita 33.7, upana wa 25.5 na unene wa 6.6. Aliyezoea saa kubwa ataiona ndogo. Lakini wembamba huo ndio uliotafutwa, na kuupata ni kazi.

Basi ubora wa saa kama hiyo utaujuaje? Anza na kasha. Kasha la duara linaweza kukerezwa: chuma kinazungushwa, kisu kinakula, na duara linatoka lenyewe. Mstatili haukerezwi hivyo. Unachongwa upande kwa upande, kisha unang'arishwa, na hapo kwenye kung'arisha ndipo fundi hodari na fundi wa kulipua wanapoachana. Gurudumu la kung'arishia hupenda kula pembe. Mkono ukiteleza kidogo, ukingo uliokuwa mkali unakuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Kwa hiyo omba saa iwekwe chini ya taa, ielekeze ubavu wake kwenye mwanga, uigeuze polepole. Mwanga ukipita kama mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho, uso huo umesawazishwa kikweli. Ukipinda au kuyumba kama mtu anayejitazama majini, kuna bonde ambalo kidole hakilihisi. Tazama pia mpaka kati ya sehemu inayong'aa na ile yenye michirizi myembamba. Katika kazi nzuri, mpaka huo ni mstari mmoja safi.

Kisha uso wa saa. Ukitoka katikati ya mstatili, umbali wa kufika pembeni si sawa na wa kufika ubavuni. Mchoraji anapaswa kuamua vistari vya dakika vitapanuka vipi vikikaribia pembe, tarakimu za Kirumi zitalala vipi, na mshale wa dakika utakuwa na urefu gani ili usiwe mrefu mno ukielekea ubavuni wala mfupi mno ukielekea juu. Pale ambapo duara limekatwa likatiwa kwenye boksi, utaona tarakimu zimebanwa na mshale unaning'inia bila kufika popote. Kwenye nyuso nyingi za Cartier, jina la kampuni limeandikwa kwa herufi ndogo mno ndani ya mguu wa tarakimu, mara nyingi ile ya VII. Omba kioo cha kukuzia ulitafute. Herufi zikiwa zimekatika au wino umesambaa, uliza maswali. Na mishale ya buluu igeuze kwenye mwanga: chuma kilichopata rangi kwa moto, kwenye joto la karibu nyuzi 300, huonekana cheusi kwa pembe moja na buluu iliyokolea kwa pembe nyingine. Rangi ya kupaka hubaki vilevile.

Mfano ulio bora kuliko yote ni Reverso ya Jaeger-LeCoultre. Iliombewa hataza Paris mwezi Machi 1931, baada ya wachezaji wa polo nchini India, wakati wa utawala wa Waingereza, kulalamika kwamba vioo vya saa zao vinavunjika mchezoni. Kasha lake linateleza kwenye fremu na kugeuka, likaficha kioo na kuonyesha mgongo wa chuma. Kasha hilo pekee lina vipande zaidi ya 50. Dukani lisukume kwa kidole gumba. Linatakiwa liteleze bila kukwaruza, ligeuke bila kuchezacheza, na likifika mwisho litoe mlio mmoja mfupi na kukaa imara. Hapo mkono wako unapima kazi iliyopimwa kwa sehemu ndogondogo za milimita. Uzito haukusaidii kitu.

Kisha ivae. Mstatili huonekana mkubwa kuliko vipimo vyake, kwa kuwa urefu ndio unaolala juu ya mkono. Tank Cintrée ya mwaka 1921 ina urefu wa milimita 46 hivi, lakini mgongo wake umepindwa ufuate mkono, na ndiyo maana inatulia. Ncha za kushikia mkanda zikipita upana wa mkono wako, au mwanga ukionekana kati ya ngozi na mgongo wa saa, haikukai, hata kama ni ya dhahabu tupu. Simama, shusha mkono, andika sahihi yako, jitazame kwenye kioo. Saa nzito kwenye mkono mwembamba huzunguka ikageukia chini, na mwenye nayo hushinda akiirudisha juu.

Nitajibiwa kwamba wazee wetu hawakuwa wajinga, na uzito waliupima kwa sababu. Ni kweli, sababu ilikuwepo. Dhahabu ni nzito, na mikanda ya chuma ya zamani iliyokunjwa kwa bati ilikuwa myepesi na ikilegea, wakati ile ya vipande vizima ilikuwa mizito na imara. Lakini sonara anayejua kazi yake hapimi dhahabu kwa kiganja. Ana mizani, na anatafuta muhuri wa 750 unaothibitisha karati 18. Na mkanda wa vipande vizima unaweza kuwa umeunganishwa vibaya. Uzito unaweza kukupa swali la kuuliza, lakini watu wameugeuza kuwa jibu.

Macho haya mapya yatakuonyesha pia kasoro ambazo muuzaji hatazitaja. Mgongo wa saa ya duara unaweza kufungwa kwa kusokotwa kama kifuniko, na mpira wa kuzuia maji ukabanwa sawasawa pande zote. Mstatili hausokoteki, hivyo mara nyingi hufungwa kwa skrubu, na pembe zake ni vigumu kuziba. Ndiyo maana nyingi zimeandikwa mita 30. Hiyo ina maana ya matone ya mvua na kunawa mikono, si kuogelea. Saa nzito ya mstatili haizuii maji zaidi kwa sababu ya uzito wake.

Wauzaji wengi wanajua haya yote, ila hukaa kimya mteja anapousifu uzito, kwa kuwa sifa hiyo huharakisha malipo. Usimharakishie mtu malipo kwa fedha yako. Duka likikupa kiti, kaa. Omba taa, omba kioo cha kukuzia, vaa saa mbili tatu za maumbo tofauti, na uliza huduma ya kuifungua na kuisafisha mashine itagharimu kiasi gani baada ya miaka kadhaa. Muuzaji akikosa subira, ondoka, maduka ni mengi. Usikubali kulipa mamilioni kwa saa ambayo hukumu yake umeitoa kwa kuirusharusha kiganjani.