Bomba Halijui Mpaka

Maji ni uhai. Maneno hayo tumeyaandika katika insha tangu shule ya msingi hadi yamechakaa, kwa hivyo leo sitaki kuyarudia. Nataka kuuliza swali moja tu: maji yanayoteremka kutoka msitu wa Aberdare hadi kwenye mifereji ya hapa Othaya ni ya nani?

Nauliza kwa sababu kuna maneno yanayosemwa bwenini, sokoni na hata ndani ya matatu. Eti mito iko kwetu, mto Gura unanguruma hapa kwetu, basi kwa nini tuwagawie watu wa Mukurwe-ini? Eti Othaya iwe na kampuni yake ya maji peke yake. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, kwa hivyo sishangai. Lakini nasema bila kupepesa macho kwamba wazo hilo halifai.

Hebu tutazame tulikotoka. Mwaka 1974 serikali ilianzisha mpango wa kumfikishia kila Mkenya maji safi karibu na nyumbani ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ulifika, lakini kwa mamilioni ya watu maji hayakufika. Wizara ilikuwa ndiyo fundi, ndiyo mwuzaji, ndiyo pia mkaguzi wa kazi yake yenyewe! Sheria ya Maji ya 2002 ikazitenganisha kazi hizo. Kampuni zikapewa kusambaza maji, na bodi iitwayo WASREB ikapewa kutoa leseni na kupitisha bei. Majirani zetu wa mjini Nyeri walikuwa wametangulia, maana NYEWASCO iliundwa mwaka 1997. Nasi tukapata OMWASCO, kampuni ya Othaya na Mukurwe-ini. Majina mawili, kampuni moja. Kisha ikaja Katiba ya 2010, ikazikabidhi kaunti huduma za maji, na Kifungu cha 43 kikasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kila mtu, jamani. Hakikusema kila mtu aliye juu mlimani.

Sasa tazama mteremko wenyewe. Huku juu kuna majani chai na mvua haitusahau. Ukishuka unaingia kwenye kahawa, na ukizidi kushuka upande wa Mukurwe-ini unakuta ardhi kavu kuliko yetu. Maji hushuka kwa uzito wake, na anayekaa juu ndiye anayekinga kwanza. Mtu mmoja huku akiacha mpira wa maji wazi usiku kucha kunyunyizia sukumawiki, aliye chini anaamka kukuta mfereji unapiga miluzi tu. Je, tukiwa na kampuni mbili, nani atamwambia yule wa juu afunge? Bomba halijui mpaka wa eneo bunge. Ni afadhali mkubwa mmoja anayejibu kwa wa juu na wa chini kuliko wakubwa wawili wanaorushiana lawama huku mama amebeba mtungi mgongoni.

Halafu kuna pesa. Dawa ya kusafishia maji, mafundi, wasoma mita, ofisi: gharama hizi hazikatiki katikati kama mkate. Kampuni ikigawanywa, kila upande utahitaji vyake, na wenye mita wa kuzilipia watakuwa wachache. Wewe unayedai kampuni yako, uko tayari kwa bili hiyo?

Wenzangu hunijibu kwamba maji hayatoshi. Sawa, lakini tumtafute mwizi wa kweli. Ripoti za WASREB zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kampuni za maji za Kenya, kwa jumla, hupoteza zaidi ya lita 40 katika kila lita 100. Mabomba kuukuu yanavuja, mita zimekufa, na kuna wale jamaa wanaojiunganishia gizani halafu Jumapili wanakaa kiti cha mbele. Hayo si maji ya kwenda Mukurwe-ini. Ni maji ya kwenda popote!

Ninachotaka mimi ni kampuni hii iwe wazi kwetu zaidi. Bei mpya haipitishwi kabla ya wananchi kuulizwa maoni yao, kwa hivyo mikutano hiyo ikiitishwa wazazi wetu waende, wa juu na wa chini wakae ukumbi mmoja, wasikilizane. Na kila mwezi ibandikwe karatasi moja mlangoni mwa ofisi na sokoni, kwa Kiswahili chepesi: maji kiasi gani yameingia bombani, kiasi gani kimepita kwenye mita za Othaya, kiasi gani kwenye za Mukurwe-ini, na kiasi gani kimepotelea njiani. Hesabu ya kutoa tunaijua. Hata mwanafunzi mdogo ataifanya.