Si Kila Kikohozi cha Miezi ni TB

Mwaka 2011 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa zaidi ya watu 53,000, wote wavutaji wakubwa wa sigara au walioacha. Nusu yao walipigwa skani ya CT ya mionzi hafifu mara moja kwa mwaka, nusu wakapigwa picha ya kawaida ya kifua. Kwa waliopigwa skani, vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20. Mwaka 2020 Uholanzi na Ubelgiji wakatoa matokeo yao: baada ya miaka 10, wanaume waliochunguzwa kwa skani walikuwa na vifo vya saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenzao ambao hawakuchunguzwa.

Msomaji atasema, basi nasi Pwani tuletewe skani hizo kwa kila mvutaji. Mimi nasema tusubiri kidogo. Katika utafiti huo wa Marekani, kati ya kila majibu 100 yaliyotia shaka, zaidi ya 95 hayakuwa saratani. Hayo ni Marekani, ambako TB ni nadra. Huku kwetu watu wengi wamewahi kuugua TB, na TB huacha makovu na vivimbe kwenye pafu. Ukiwapiga skani wazima wote wa Likoni au Kisauni utawatia hofu watu chungu nzima na kuwadunga sindano za kifua bure.

Kinachonisumbua ni yule ambaye tayari anakohoa, tayari yuko kwenye benchi la zahanati, na bado hagunduliwi. Kukohoa kwa wiki nyingi, kukonda, kutoa makohozi yenye damu: dalili hizi ni za TB na ni za saratani ya mapafu. TB ni nyingi, dawa zake ni za bure, na mhudumu ana foleni mlangoni. Simlaumu kwa kuifikiria TB kwanza. Namlaumu anapoifikiria ya pili na ya tatu pia.

Jirani yangu mmoja, mvuvi, Mwenyezi Mungu amrehemu, alianzishiwa dawa za TB ilhali makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Akamaliza miezi 6 na kikohozi kipo pale pale. Akaanzishiwa tena. Alipofika kwenye skani, ambayo pesa zake tulichanga mtaani na msikitini, kifua kilikuwa kimejaa maji na uvimbe umeshafika kwenye ini. Hakukaa sana. Visa vya namna hii nimevisikia Kwale na Malindi pia, na kila familia hudhani ni bahati mbaya yao peke yao.

Mbona nalivalia njuga jambo hili sasa? Kwa sababu zamani kuchelewa kugundua na kugundua mapema havikupishana sana, dawa zilikuwa chache. Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa pafu, na ambao uvimbe wao ulikuwa na mabadiliko ya jeni iitwayo EGFR. Waliopewa vidonge vya osimertinib, 88 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 78. Bei ya vidonge hivyo haisogelei mfuko wa mvuvi, najua. Lakini hata bei kabla hatujaifikia, mgonjwa lazima awe amegunduliwa wakati upasuaji bado unawezekana, na kipande cha nyama ya uvimbe kimepimwa.

Mabadiliko hayo ya EGFR huonekana zaidi kwa watu ambao hawajavuta sigara maishani. Mwaka huo huo wa 2023 watafiti wa London walionyesha jinsi vumbi laini la hewa chafu linavyochokoza pafu na kuziamsha seli ambazo tayari zina kasoro hiyo. Kwa hiyo mama aliyepikia kuni miaka 40, au kijana wa Changamwe anayeshinda nyuma ya malori, asiambiwe hawezi kuwa na saratani kwa vile havuti. Moshi wa dizeli ulitangazwa kuwa chanzo cha saratani tangu 2012. Sigara bado ndiyo inayoongoza, na hapo tuna unafiki wetu: mwaka 2024 tulipiga kelele za muguka hadi mahakamani, ilhali sigara moja moja inauzwa kila kibanda, na sheria ya 2007 inakataza.

Ninachokitaka kwa idara za afya za kaunti zetu ni kidogo. Makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa takriban saa 2, kabla dawa hazijaanza. Ambaye hakuonekana na vijidudu, na baada ya miezi 2 ya dawa hana nafuu, asirudishiwe dawa zile zile. Aandikiwe rufaa ya skani, na skani ikionyesha uvimbe, kipande kichukuliwe kipimwe. Na wewe unayempeleka mzazi wako kliniki, muulize mhudumu: hiyo TB imeonekana kwenye kipimo, au imekisiwa? Uliza kwa adabu, lakini usiondoke bila jibu.