Barua ya Wallace

Katika fakulte yetu barua husomwa kama ushuhuda tu: tarehe, salamu, sahihi, basi. Mimi nasema barua ni tendo. Tazameni Juni 1858.

Mwezi huo Charles Darwin alipokea makala ya Alfred Russel Wallace kutoka visiwa vya Malaya. Ndani yake mlikuwa na wazo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelitunza miaka kama 20: uteuzi wa asili. Wallace aliomba tu makala ipelekwe kwa Charles Lyell, kama inafaa. Lyell na Joseph Hooker wakapanga isomwe London, tarehe 1 Julai, mbele ya Linnean Society, lakini ikitanguliwa na maandishi ya Darwin: dondoo la mwaka 1844, na sehemu ya barua aliyomwandikia Asa Gray wa Marekani mwaka 1857. Barua ya faragha ikawa hati ya umiliki.

Wallace hakuulizwa. Barua ilisafiri miezi kadhaa kumfikia, nao hawakutaka kungoja. Watetezi wao husema baadaye aliridhika. Kweli aliridhika, tena kwa adabu kubwa. Ila kuridhika mtu akiwa amekwisha kupangiwa nafasi si idhini.

Barua za Darwin, alizotuma na alizopokea, zimebaki zaidi ya 15,000. Ile ya Wallace iliyofuatana na makala haimo. Walimu wetu wa uchambuzi wa matini wangetupa mkusanyo huo tuusome, tukianzia na pengo hilo.