Kabla bumu halijaingia

KUTOKA HANANG
Na Paskali Tluway

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, habari hazichukui nusu siku kuenea kata nzima ya Masakta. Mtoto wa fulani kapata daraja la kwanza. Wazazi wanapongezwa kanisani, shangazi anachinja kuku, na kwenye makundi ya WhatsApp ya wana Masakta walioko Arusha, Dodoma na Dar es Salaam picha ya kijana inazungushwa na hongera zinamiminika. Baada ya hapo kimya. Miezi inayofuata, Agosti hadi Novemba, ndiyo inayoamua kama huyo tuliyempongeza atasoma kwa utulivu au ataanza chuo akiwa na njaa. Na ndiyo miezi ambayo sisi tuliosoma hatuonekani.

Nieleze gharama zenyewe, maana wengi waliosoma enzi Serikali ikilipa kila kitu hawazijui. Kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo kuna ada ya shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi anadaiwa cheti cha kifo, na katika familia nyingi za wafugaji cheti hicho hakikuwahi kukatwa, kwa hiyo safari za Katesh zinaanza, leo nenda, kesho rudi. Fomu isainiwe na kiongozi wa kijiji, igongwe muhuri wa wakili au hakimu, kisha ipandishwe mtandaoni steshenari kwa malipo. Chuo kikifunguliwa kuna nauli, kuna bima ya afya ya mwanafunzi shilingi 50,400, kuna kipande cha ada ambacho mkopo haukukifikia, kuna godoro. Aliyepata mkopo wa chakula na malazi hupewa shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichopanda kutoka 8,500. Lakini bumu, kama wanafunzi wanavyoliita, haliingii siku unayoshuka kwenye basi. Majina hutoka kwa awamu. Yupo wa awamu ya kwanza, yupo wa awamu ya tatu, na yupo anayesubiri majibu ya rufaa wakati wenzake wanafanya majaribio ya kwanza.

Asiye na kitu katika wiki hizo hubebana na mwenzake, wawili kitanda kimoja, na mlo ni mmoja kwa siku. Kwa binti hali ni mbaya zaidi. Akikosa nafasi hosteli na hana kodi ya chumba, atajitokeza mtu mzima wa kumsaidia, na msaada huo una bei yake. Sote tunalijua jambo hili na tunalizungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu ya binti. Aibu ni yetu.

Najua nitakachojibiwa: hiyo ni kazi ya Serikali, na mimi narejesha mkopo wangu. Vizuri. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ili fedha zizunguke, na asilimia 15 ya mshahara wa msingi inayokatwa kila mwezi ndiyo inayomfikia mdogo wako aliyeko darasani leo. Tangu Julai 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha imefutwa, kwa hiyo wengi wetu tumepata nafuu ya kweli. Ila kulipa deni hakujawa kutoa. Kutoa kunaanza deni likiisha, au hata kabla, pale unapotoa kitu ambacho hakuna mwajiri wa kukikata.

Wala hakuna wa kuniambia kwamba watu wa Hanang hawatoi. Desemba 3, 2023 tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang likafunika sehemu za Katesh, Gendabi na Jorodom na kuua watu zaidi ya 80, michango ilitoka kila kona: magunia ya mahindi, mablanketi, fedha kwa simu. Harusi tunachanga, tena kwa kamati na kadi. Msiba tunachanga usiku huo huo. Tunatoa kwa kinachoonekana. Mwanafunzi anayelala njaa Mabibo au Morogoro haonekani, na mara nyingi hata wazazi wake hawaambii.

Wengine wanangoja mfadhili. Wilaya za Hanang na Mbulu zinawafahamu wafadhili kuliko wilaya nyingi, kwa wema wao na kwa ubaya wao. Haydom, kule Mbulu, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari Walutheri wa Norwei imeendelea kuungwa mkono na marafiki zake wa huko kwa miongo mingi. Imezaa chuo cha kufundisha wauguzi, na leo iko mikononi mwa KKKT Dayosisi ya Mbulu. Ukitafuta kwa nini ilidumu, utakuta watu waliokaa, waliojifunza lugha, waliowafundisha vijana wa hapa kushika kazi. Sasa tazama upande wa Basotu, huku kwetu Hanang. Kuanzia mwaka 1970 Kanada ilifadhili mradi wa ngano, mashamba makubwa ya shirika la NAFCO yakameza takriban ekari 100,000, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao bora pamoja na makaburi ya wazee wao yaliyolimwa kwa trekta. Fedha zilikuwa nyingi sana. Waliokuwa wakiishi pale hawakuulizwa. Kwa hiyo ninaposema tuanze wenyewe, sisemi kwa kiburi cha kukataa wageni. Mgeni akikuta mfuko wa wenyeji una daftari, una kamati na una mdomo wa kusema hapana, msaada wake utafuata njia tuliyoichagua sisi.

Jirani zetu Kenya walifanya hivyo. Septemba 1959 Tom Mboya aliposafirisha wanafunzi 81 kwa ndege kwenda vyuo vya Marekani, nauli ilichangwa huko, na waliotia saini barua ya kuomba michango walikuwa Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Lakini nyumbani nako palichangwa. Wazazi na majirani walifanya tafrija za chai na kuuza mifugo ili kijana asiondoke mikono mitupu. Mwaka 1960 Wangari Maathai naye akaondoka kupitia mpango wa namna hiyo. Hata Harvard, alikokwenda kusoma Frederick Sumaye wetu baada ya kuacha uwaziri mkuu, ilipewa jina la mchungaji aliyekiachia chuo nusu ya mali yake na vitabu takriban 400 mwaka 1638. Leo akiba ya chuo hicho inapita dola bilioni 50.

Sisi hatuhitaji hata sehemu ndogo ya hizo. Wahitimu 100 waliotoka Masakta wakitoa shilingi 5,000 kwa mwezi, mwaka mmoja ni milioni 6. Mpe kila mwanafunzi mpya jumla ya 300,000 kwa Septemba na Oktoba, umewavusha 20 hadi bumu linapoingia. Akimaliza na kupata kazi, au biashara yake ikisimama, anamvusha mmoja nyuma yake, kama tulivyozoea katika kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo mtamba wa kwanza huenda kwa jirani. Likizo ndefu arudi afundishe hisabati na fizikia sekondari ya kata, ambako walimu wa masomo hayo hawatoshi. Hapo hata mkulima wa mbaazi asiye na mtoto chuoni atauona mfuko huu kuwa wake.

Ninayo masharti mawili, na sitayalegeza. Fedha isitolewe mbele ya kamera; kijana asishikishwe hundi ya karatasi kubwa akiwa amesimama katikati ya viongozi. Na majina yapendekezwe na walimu pamoja na wenyeviti wa vitongoji wanaojua nani ana ng'ombe na nani hana, wala yasitoke kwa mwanasiasa yeyote, awe wa chama gani.

Akaunti ifunguliwe benki Katesh, watia saini watatu, mmoja wao mwanamke anayeishi Masakta. Hesabu isomwe mara mbili kwa mwaka mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, Juni na Desemba, na nakala ibandikwe ukutani ofisi ya mtendaji. Mliosoma mkaondoka, wengi mnarudi Krismasi. Kikao cha kwanza kinaweza kufanyika Desemba 27, saa nne asubuhi, kabla watu hawajaanza kurudi mjini.