Anayeanza apewe nafasi

Kule Uingereza kuna watu wenye kazi zao za mchana ambao jioni hukutana na fidla, filimbi na akodeoni, wakijiandaa kupigia dansi za vijijini. Nyimbo ni za kale. Nyingine zimo katika kitabu cha John Playford cha 1651. Kwa kawaida wimbo una sehemu mbili za vipimo 8, kila moja hurudiwa, jumla vipimo 32. Si mlima.

Wengine husema anayekosea noti abaki nyumbani. Mimi nakataa. Noti ikipotea, miguu inaendelea. Lakini mwendo ukikimbia, mzee aliye mwisho wa mstari hafiki nafasi yake, na mstari wote unavunjika. Basi anayeanza apige noti ya kwanza ya kila kipimo tu, asisimame. Wa kukemewa ni fundi mwenye vidole vya haraka. Hata huku Kivu, kwenye repetisyo za korali, mpiga solo ndiye anayetukimbiza (mnamjua).

Na kabla ya siku yenyewe, waitwe watu wachache wacheze mbele ya wapigaji, angalau jioni moja.